Sherehe Si Dharura

Ninalo daftari la matumizi ambalo nimeshindwa kulitupa. Katika ukurasa mmoja, juu kabisa, nimeandika kwa herufi kubwa ADA YA KOZI, na chini yake safu ya tarakimu zinazopanda mwezi baada ya mwezi. Kisha zinashuka. Zinapanda tena kidogo, zinashuka tena. Mara nne ndani ya mwaka mmoja. Pembeni mwa kila mteremko nimeandika sababu, na mara zote nne nimeandika neno lile lile: dharura.

Niliupitia ukurasa huo mwisho wa mwaka, kozi ikiwa imeshaanza bila mimi. Dharura ya kwanza ilikuwa harusi ya kaka yangu, ambayo ukoo mzima uliijua miezi 8 kabla. Ya pili ilikuwa mahafali ya binti wa dada yangu, na huyo tulijua atamaliza lini tangu siku alipoanza. Ya tatu ilikuwa kutimiza miaka 40 ya ndoa kwa wazazi wetu, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wametimiza 39. Ya nne ilikuwa sikukuu ya kila mwaka. Hakuna hata moja iliyonivizia. Nilikuwa nimeziona zote zikija, nikazitazama, na sikuziandalia chochote.

Tangu siku ile nimeshikilia jambo moja. Kinachomaliza akiba za watu wenye familia ni sherehe kukosa mahali pake katika mpango wa fedha, kuliko sherehe yenyewe. Tunapanga kodi, tunapanga chakula, nauli na ada, halafu furaha za watu wetu tunaziacha zitukute popote tulipo. Zikifika hazina pa kukaa, kwa hiyo zinakwenda kukaa juu ya pesa pekee iliyotulia, yaani akiba ya kitu kingine.

Dharura ina sura yake. Ni ugonjwa wa ghafla, ni kazi iliyokatika bila taarifa, ni paa lililoezuliwa usiku. Huwezi kuiwekea tarehe. Sherehe nyingi zina tarehe, na zisizo na tarehe zina dalili. Kijana aliyeanza kumleta mchumba nyumbani ameshatoa taarifa. Mtoto aliyeingia mwaka wa mwisho wa masomo ameshatoa taarifa. Na hata kama hujui hasa ni nani ataoa mwaka ujao, chukua miaka 3 iliyopita, orodhesha shughuli zote ulizochangia au kuhudhuria, gawanya kwa 3. Utapata wastani usiokosea sana. Mimi nilipofanya hivyo nilipata shughuli 6 kwa mwaka. Sita, na kila moja nilikuwa nimeipokea kama ajali ya barabarani.

Mwanauchumi Richard Thaler, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alitumia miaka mingi kuchunguza jambo ambalo kila mwenye kibubu analijua: watu hawaihesabu pesa kama kitu kimoja. Nadharia ya zamani ya uchumi inasema noti ni noti, haijalishi imetoka wapi wala inakwenda wapi. Watu wenyewe huigawa vichwani mwao: hii ya nyumba, hii ya kutembelea, hii haiguswi. Thaler alionyesha kwamba mgawanyo huo wakati mwingine hutupoteza, kama pale mtu anapoacha akiba yenye riba ndogo imelala benki huku analipa deni lenye riba kubwa. Lakini wakati mwingine ndio unaotuokoa. Pesa ikishapewa jina, mkono unasita kuichukua kwa shughuli nyingine.

Sasa, neno "akiba" likisimama peke yake ni jina dhaifu mno. Akiba ya nini? Ndugu akipiga simu kuomba mchango, upande wake kuna bibi harusi, kuna tarehe, kuna ukumbi umeshalipiwa nusu. Upande wako kuna neno lisilo na uso. Lazima ushindwe. Wahenga waliposema haba na haba hujaza kibaba, walikitaja kibaba. Hawakusema haba na haba hujaza tu. Mtu anayedunduliza bila chombo anadunduliza kwa faida ya yeyote atakayewahi kuomba.

Kuna utafiti mmoja wa Ufilipino ambao haujanitoka akilini tangu nilipousoma. Nava Ashraf, Dean Karlan na Wesley Yin, katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2006, walieleza jinsi benki moja katika kisiwa cha Mindanao ilivyowapa baadhi ya wateja wake nafasi ya kufungua akaunti ya pekee. Mteja anajichagulia lengo, ama tarehe ama kiasi, na akishachagua hawezi kutoa pesa mpaka alifikie. Baada ya miezi 12, wastani wa akiba za waliopewa nafasi hiyo ulikuwa umepanda kwa pointi 81 za asilimia kuliko wa wenzao ambao hawakupewa. Takwimu hiyo ndiyo inayonukuliwa sana. Kilichonishika mimi ni kingine. Wenye akaunti walipotaja wanaweka kwa ajili ya nini, kundi kubwa kuliko yote, karibu nusu yao, lilitaja sherehe: Krismasi, siku ya kuzaliwa, mahafali. Elimu ilifuata kwa mbali. Yaani watu walewale ambao mshauri wa fedha angekimbilia kuwaonya kuhusu sherehe ndio waliokwenda wenyewe kuomba pesa ya sherehe ifungiwe.

Walikuwa wameelewa jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa. Sherehe si adui wa malengo ya akiba. Ni mojawapo ya malengo hayo, na inastahili ukurasa wake.

Wazo lenyewe si jipya. Mwaka 1909 benki moja mjini Carlisle, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ilianzisha mpango wa kuweka kidogo kidogo kwa ajili ya Krismasi na kuchukua zote sikukuu ikikaribia, na mtindo huo ukaenea kwenye mabenki mengi ya nchi hiyo. Akaunti za namna hiyo mara nyingi zilitoa riba ndogo au hazikutoa kabisa. Kwa hesabu kavu hazikuwa na maana, maana pesa ileile ingeweza kukaa kwenye akaunti ya kawaida ikazaa. Watu walizipenda hivyo hivyo kwa sababu ya mlango wake mgumu kufunguka.

Ila mlango mgumu pekee si usalama, na hapa ningependa msomaji anisikilize vizuri. Nchini Uingereza, Oktoba 2006, kampuni iliyoitwa Farepak ilianguka. Familia zilikuwa zikiipelekea fedha kidogo kidogo mwaka mzima ili zipate vocha na vikapu vya Krismasi. Wiki chache kabla ya sikukuu, zaidi ya watu 100,000 walijikuta hawana vocha wala fedha zao, jumla yake takriban pauni milioni 37. Farepak haikuwa benki, kwa hiyo kinga inayolinda amana za wateja wa benki haikuwahusu. Walikuwa wameweka kwa nidhamu kuliko wengi wetu. Kosa halikuwa kwenye nidhamu yao. Kwa hiyo kabla hujachagua mahali pa kuweka mfuko wa sherehe, iwe ni benki, ni akaunti ya simu, ni upatu au ni mtunza hazina wa ukoo, uliza: pesa hii inashikwa na nani, na akianguka leo nani atanilipa? Riba iwe swali la mwisho.

Wala usifunge kupita kiasi. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson, katika utafiti wao wa magharibi mwa Kenya uliochapishwa mwaka 2013, waliwagawia watu masanduku ya chuma ya kuwekea akiba ya afya. Wengine walipewa sanduku pamoja na ufunguo wake. Wengine walipewa sanduku ambalo ufunguo wake ulikaa kwa mtu wa mradi. Ungetarajia sanduku lisilofunguka ndilo lifanye kazi zaidi. Ikawa kinyume: kwa matumizi ya kujikinga na magonjwa, lile lenye ufunguo mkononi mwa mwenyewe lilisaidia kwa kiasi kikubwa, na lile lingine halikuonyesha nguvu hiyo, kwa sababu mtu huogopa kufungia pesa ambayo huenda akaihitaji usiku mtoto akiugua. Mimi ninalisoma hivi: pesa ya dharura na pesa ya sherehe zisikae sanduku moja. Ya dharura iwe karibu. Ya sherehe inaweza kuwa mbali kidogo, maana tarehe yake inajulikana.

Kuna wanaosema njia fupi ni kupunguza sherehe, au kuacha kabisa kuchangia mpaka mtu "ajijenge". Nimewasikiliza na sikubaliani nao. Abhijit Banerjee na Esther Duflo, katika makala yao ya mwaka 2007 kuhusu maisha ya watu maskini sana katika nchi mbalimbali, walieleza kwamba huko Udaipur nchini India zaidi ya asilimia 99 ya kaya maskini kabisa zilikuwa zimetumia pesa kwa harusi, msiba au sikukuu ya dini katika mwaka uliotangulia, na kaya ya kati ilitumia asilimia 10 ya bajeti yake ya mwaka kwa mambo hayo. Hao ni watu wanaojua thamani ya kila senti kuliko mshauri yeyote atakayewaendea na kalamu. Wakitoa sehemu ya kumi ya walichonacho ili wakutane, wafurahi na wazikane, basi kukutana huko kunawapa kitu. Kunawapa kuhesabiwa. Siku wakiugua, wakifiwa, au mtoto wao akitafuta pa kufikia mji mwingine, waliokutana nao kwenye furaha ndio watakaofungua mlango. Mpango wa akiba unaokutaka ujitenge na watu wako unakuondolea akiba nyingine ambayo haionekani kwenye taarifa ya benki.

Ila kukutana na kugharamia si kitu kimoja. Andrew Francis-Tan na Hugo Mialon wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, waliwauliza maswali watu zaidi ya 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa nchini humo, na mwaka 2015 wakachapisha walichokikuta. Kwa ujumla, ndoa zilizoanza kwa harusi ya gharama kubwa hazikudumu zaidi. Matumizi makubwa yaliendana na ndoa fupi. Idadi kubwa ya wageni, kinyume chake, iliendana na ndoa zilizodumu. Utafiti wa namna hiyo unaonyesha mambo yanayotembea pamoja tu, hauthibitishi kwamba moja limelizaa lingine, na mimi sitaki kuutwisha mzigo usio wake. Lakini unaafikiana na nilichokiona kwenye ukoo wangu. Harusi ya kaka, ile iliyokula ada yangu, ninachokumbuka leo ni wajomba wawili waliokuwa hawasemezani wakicheza mduara mmoja. Mapambo yaliyomaliza nusu ya michango sikumbuki hata rangi yake.

Basi mahali pake ni wapi, na ukubwa wake ni upi?

Anza na mwaka mzima, usianze na shughuli moja moja. Hili ndilo kosa la kawaida kuliko yote. Kila mchango ukiutazama peke yake unaonekana mdogo, na kuukataa kunaonekana ubahili. Ukizijumlisha zote 6 ndipo unapoona kwamba umetoa sawa na mshahara wa mwezi mzima, au zaidi. Weka kwanza dari ya mwaka, kiasi ambacho ukikitoa chote kwa furaha za familia hutalala na wasiwasi, ndipo ugawe: huyu wa damu moja, fungu kubwa, yule wa mbali, fungu dogo, na fungu moja liachwe bila jina kwa ajili ya lile ambalo hukulijua.

Unapojumlisha, usihesabu mchango peke yake. Nilipokaa na risiti zangu za mwaka ule niligundua kwamba kwenye mahafali ya binti wa dada, zawadi niliyompa ilikuwa chini ya theluthi ya nilichotumia. Kilichobaki kilikwenda kwenye nauli ya kwenda na kurudi, nguo ya mtoto wangu aliyekuwa amerefuka, usiku mmoja wa malazi, siku mbili za kazi ambazo sikulipwa, na noti ndogo ndogo zinazotoka mfukoni mtu akiwa katikati ya ndugu. Hakuna mtu aliyeniomba hizo. Hazikuandikwa kwenye kadi yoyote. Ndiyo maana hazikuwa kwenye hesabu yangu, na ndiyo maana mtu hurudi kutoka kwenye sherehe akiapa kwamba ametoa "kidogo tu" huku salio linasema vingine.

Makadirio nayo hutudanganya kwa tabia ambayo ina historia yake. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliipa jina tabia ya binadamu ya kukadiria chini muda na gharama za kazi iliyo mbele yake, hata anapojua kwamba kazi za nyuma zilizidi makadirio. Utafiti maarufu wa mwaka 1994 uliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu watamaliza tasnifu zao baada ya siku ngapi. Kwa wastani walisema siku 34. Wakatumia zaidi ya 55. Dawa ambayo watafiti wa mambo haya wanaipendekeza ni rahisi kuieleza, ila inauma kuifuata: acha kukadiria kwa kuorodhesha utakachonunua, tazama kazi kama hiyo ya mwisho iligharimu kiasi gani mpaka taa zinazimwa. Kama harusi ya mwisho katika familia ilizidi bajeti kwa robo, harusi ijayo nayo iongezee robo tangu leo. Kamati itakuambia safari hii mambo yamepangwa vizuri zaidi. Iongezee tu.

Baada ya hapo hesabu ni nyepesi. Chukulia jumla ya mwaka ni sawa na mshahara wako wa mwezi mmoja. Ukianza kuweka miezi 12 kabla, ni asilimia 8.3 ya mshahara kila mwezi. Ukisubiri siku ifike ukakopa kiasi hicho kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, inayohesabiwa kwenye deni linalobaki, kila rejesho kwa miezi 12 litakuwa kama asilimia 10 ya mshahara, na mwisho utakuwa umelipa sherehe moja na moja ya tano. Riba ikihesabiwa kwenye mkopo wote wa mwanzo bila kupungua, utalipa asilimia 36 juu. Ubaya hauishii hapo. Wakati unarejesha deni la mwaka jana, sherehe za mwaka huu zinakuja, na unazikuta tena huna. Nawajua watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakila sikukuu ya mwaka mmoja kwa mshahara wa mwaka unaofuata, na si walevi wala wafujaji. Ni wakarimu waliotanguliwa mwezi mmoja na kalenda, hawajawahi kuufikia.

Kuhusu mpangilio, nina msimamo mkali kidogo. Deni la riba kubwa kwanza, na mfuko mdogo wa dharura, hata wa mwezi mmoja wa matumizi, ndipo sherehe. Sisemi hivyo kwa sababu sherehe ni duni. Ni kwa sababu asiye na mfuko wa dharura atauvunja mfuko wa sherehe siku ya kwanza mtoto akipata homa. Baada ya hapo usisubiri kumaliza lengo moja ndipo uanze jingine. Yaende pamoja, kila moja na fungu lake, kwa makato ya siku ileile pesa inapoingia. Asiye na mshahara wa mwezi asijifunge kwa kiasi, ajifunge kwa sehemu: katika kila kinachoingia, kikubwa au kidogo, sehemu fulani inakwenda kwenye shughuli kabla ya kitu kingine chochote.

Mimi nilianza kwa kuchukua 20 katika kila 100 niliyokuwa nikiiwekea kozi, nikaifungulia ukurasa wa pili. Iliniuma. Lengo la miezi 12 likageuka la miezi 15, na nilipoiandika ile tarehe mpya nilihisi kama ninajirudisha nyuma kwa hiari. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba ile miezi 12 haikuwahi kuwepo. Ilikuwa tarehe ya mtu asiye na ndugu. Nilikuwa nimeshaingia mwaka wa pili nikiifukuza, na kila nikiikosa nilijiona mdhaifu, niliyeshindwa kusema hapana. Miezi 15 ilikuwa tarehe yangu kweli, mimi mwenye kaka, dada, wazazi na shangazi watatu. Ilifika, na ada ikalipwa siku hiyo kwa mkupuo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni kusema. Wenye nyumba moja wakipanga kila mmoja kimya kimya, mume ana ahadi zake kwa upande wake, mke ana zake, na mfuko mmoja unavutwa na pande mbili zisizojuana. Hao wakae pamoja mara moja kwa mwaka na kalenda mbele yao, kila mmoja ataje za kwao, na dari iwe moja. Kwa ukoo mpana nimejifunza kwamba kiasi kikitajwa mapema kinapokewa kama heshima, na kiasi kilekile kikitajwa wiki ya mwisho kinapokewa kama udhuru. Kamati inayojua miezi 6 kabla kwamba kutoka kwako itapata kiasi fulani itapanga kwa hicho. Inayokisia itakuandikia ahadi ambayo hukuitoa.

Na tuirudishe methali mahali pake. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mara ngapi tumeisikia ikitumiwa kumsukuma mtu apandishe ahadi yake? Maneno yenyewe yanasema kinyume: usiseme kutoa ni utajiri. Aliyetoa kidogo alichokipanga, akakileta kwa wakati, akakaa mpaka viti vikakusanywa, ametoa. Methali hiyo ni ngao ya mwenye kidogo, nasi tumeigeuza fimbo ya kumchapia.

Mwezi uliopita shangazi yangu mkubwa alipiga simu. Baada ya shikamoo na marahaba, na habari za watoto mmoja mmoja, akafika kwenye neno lake. "Mwanangu, mdogo wako anaoa. Mwezi wa kumi na moja." Daftari lilikuwa mezani. Nilifungua ukurasa wa shughuli, nikatazama fungu lililobaki, nikamtajia kiasi nitakachotoa na mwezi nitakaokituma. Nikaongeza kwamba naweza kufika siku mbili kabla, kama kuna kazi.

Alinyamaza kidogo. Nilidhani anakihesabu kile kiasi.

"Hizo siku mbili," akasema, "usije ukazibadilisha. Wa kutoa pesa wapo. Wa kupokea wageni usiku ndio sina."

Nikaziandika tarehe zote mbili, na chini yake nauli. Ukurasa wa akiba ya nyumba, ulioshika nafasi ya ule wa ada, sikuufungua.